Nyama Mwenyeji, Ndimu Mgeni

Wiki ya Idd, simu zinazopigwa kati ya Garissa na Diff hazihusu nyama. Mpwa aliye mjini huuliza, "Habaryar, nikuletee nini?" na mama mdogo hujibu bila kufikiri: "Nyama ipo, mwanangu. Niletee ndimu, pilipili mbichi na dania. Na ndizi, lakini zisiwe zimeiva sana, zitafika uji." Kisha huongeza nyanya, kitunguu, na kama gari lina nafasi, tikiti maji moja. Orodha nzima haina kitu chenye damu.

Diff iko mpakani, kusini mwa Kaunti ya Wajir. Kwenye karatasi za serikali wadi yake huandikwa Diif, kwenye ramani nyingi Diff, na wenyeji hawana habari na tofauti hiyo. Ng'ambo ya mji ni Somalia. Mto wa kudumu hakuna, mvua ni ya kubahatisha, na mali ya watu hutembea kwa miguu minne. Mbuzi wa Idd hatoki sokoni kwa basi. Yuko nyuma ya nyumba, anajulikana mama yake na huenda na bibi yake pia.

Kwingine nchini Kenya sikukuu ni nyama. Desemba ikiingia, jogoo wa Kakamega huanza kuhesabiwa siku na mbuzi wa Murang'a hufungwa kamba fupi zaidi. Viazi, kabeji na kachumbari huja mezani kwa sababu vilikuwa shambani tangu jana. Hakuna anayesifia nyanya. Ndiyo maana mtu wa bara akialikwa Idd mpakani huweza kukosea heshima bila kujua: hupakua nyama kwa uchu, akaziacha ndizi na kile kibakuli cha kijani pembeni, asijue kwamba ameacha vitu vilivyosafiri kwa lori, vikapita vizuizi vya barabarani na vikahesabiwa kimoja kimoja vilipofika. Nyama pale ni mwenyeji. Haihitaji kukaribishwa.

Sinia yenyewe haina siri kubwa. Kitunguu hukaangwa hadi kiwe na rangi ya kahawia, kisha huingia hawaash, yaani bizari nzima, giligilani kavu, pilipili manga, iliki, karafuu, mdalasini na manjano, vilivyokaangwa vikavu na kusagwa pamoja. Nyama ya mbuzi huchemshwa, supu yake ndiyo inayopika mchele, na mchele ni ule mrefu wa Pakistani ambao punje zake hazishikani. Juu hurushiwa zabibu, vitunguu vilivyokauka na viazi vilivyokatwa vidogo. Mpishi yeyote aliyepika pilau Mombasa ataielewa kazi hii hata kama atabisha kuhusu kiasi cha iliki. Lakini pilau ya Mombasa haiji na ndizi mbivu iliyomenywa nusu na kulazwa kando ya wali.

Ndizi hiyo huwashangaza wageni kila mara. Wanadhani ni tunda la baada ya chakula, wakaiweka kando isubiri. Sivyo. Unakata kipande kwa vidole, unakifinyanga na tonge la wali wenye mafuta na pilipili, na utamu wa ndizi unatuliza ukali kabla haujafika kooni. Watu wazima hufanya hivyo bila hata kutazama mkono. Nimesikia watu wakiuita mchanganyiko huo utani wa Wasomali. Nadhani hawajawahi kula basbaas, ile chatini ya kijani ya pilipili, iliyo kali ya kutosha ili waelewe kazi ya ndizi.

Historia ya ndizi hiyo ina mkono wa serikali ndani yake. Uingereza iliiahidi Italia ardhi ili iingie Vita Kuu ya Kwanza upande wake, na mwaka 1925 deni likalipwa kwa Jubaland: eneo lote la ng'ambo, pamoja na bandari ya Kismayu, likakatwa kutoka Kenya na kukabidhiwa Waitaliano. Mstari uliochorwa wakati huo ndio mpaka ambao Diff imeuegemea hadi leo. Upande wa mashariki, mashamba makubwa ya migomba yakapanuliwa kando ya mito ya Shebelle na Juba, na mwaka 1935 serikali ya Italia ikaunda shirika la ukiritimba wa ndizi lililozibeba kwa meli hadi Ulaya. Upande huohuo tambi ndefu, ambazo Wasomali huziita baasto, zikawa chakula cha kawaida. Upande wa magharibi, chini ya Waingereza, watu wakazoea chai ya maziwa na sukari nyingi, mandazi na chapati. Ukoo mmoja ukajikuta na jamaa wa tambi na jamaa wa chapati, na kwa kuwa ngamia hasomi ramani, wala harusi, vyote viwili vikaishia sinia moja. Leo, mgeni wa Idd huko huweza kuwekewa wali nusu na baasto nusu, ndizi katikati, na hakuna atakayemweleza kwamba anakula mikataba ya mabeberu.

Siku hizi ndizi za Idd nyingi zinatoka karibu zaidi: kingo za Tana pale Garissa, ambako wakulima huvuta maji ya mto kwa pampu na kupata maembe, mapapai, matikiti, nyanya na ndizi. Tana ndiyo bustani ya Kaskazini Mashariki. Vitunguu na viazi hupanda kutoka upande wa Meru na Nairobi, na vingi hupita daraja moja, la Garissa. Novemba 2023, mafuriko yalipoikata barabara pale Madogo, ng'ambo tu ya Garissa, abiria na mizigo walivushwa kwa boti, na kila mji ulio mbele ya hapo ulijua siku ileile. Si kwamba watu walikosa kula nyama. Walikosa kitunguu, na mpishi asiye na kitunguu ana nyama tu.

Ndipo ninaposema basbaas ndiyo kipimo cha Idd kwa wale walioko mbali na mto. Ni pilipili mbichi, dania, kitunguu saumu, ndimu na chumvi. Wengine hutia ukwaju, wengine nyanya, na wapo wanaoongeza mtindi ili watoto nao wachovye. Ukiacha mtindi, karibu vyote hivyo hutoka nje ya Diff. Kibakuli hicho kidogo kina gharama kubwa ya usafiri kuliko mbuzi mzima. Mama anayekizungusha kwa wageni hukishika mwenyewe. Nyama anaweza kumwachia kijana agawe.

Hata hivyo, upo upande mwingine wa sinia ambao hautoki mbali kwa njia ya barabara. Unatoka mbali kwa njia ya siku. Nazungumzia nyirinyiri.

Wasomali wa kaskazini huiita muqmad au oodkac, na nchini Kenya jina la nyirinyiri limeshaeleweka hadi Nairobi. Nyama isiyo na mafuta, ya ng'ombe au ya ngamia, huchanwa vipande virefu vyembamba na kuanikwa kamba hadi ikauke nje. Kisha hukatwa vijipande vidogo kama punje za mahindi, na hapo ndipo subira huanza: hukaangwa ndani ya mafuta taratibu, moto ukiwa mdogo, hadi maji yote yatoke na kila kipande kiwe cheusi na kigumu, mlio wa kikaango ukibadilika kutoka kuchemka hadi kupasuka. Hutiwa iliki na kitunguu saumu, kisha huzamishwa ndani ya samli na kufunikwa. Samli ikiganda juu, hewa haiingii. Nyama hiyo hukaa miezi bila friji, katika nchi ambayo maziwa mabichi huharibika kabla ya adhuhuri.

Somaliland na Djibouti wamelifanya jambo hili kuwa mchezo wa harusi. Huko hutengenezwa xeedho: chombo kilichojaa muqmad, kikafunikwa kwa tende zilizopondwa, kisha kikavishwa nguo na kufungwa kamba za mafundo hadi kifanane na bibi harusi. Siku ya saba, jamaa wa bwana harusi hutakiwa wakifungue bila kukata kamba hata moja, huku wanawake wakiwacheka. Wakikosea, hutozwa. Wanaume wasioweza kufungua fundo la chakula wamepewa binti wa watu. Ni sawa wachekwe.

Mpakani mwetu hakuna mbwembwe kiasi hicho, lakini hesabu ni ileile. Idd ya kuchinja, nyama hugawanywa mafungu: la nyumba, la jamaa na majirani, la maskini. Katika mji ambao karibu kila boma limechinja, mafungu hupishana njiani, na jioni kila nyumba ina nyama nyingi kuliko inavyoweza kumaliza. Kinachobaki huenda kambani. Kwa hiyo kijiko cha nyirinyiri unachowekewa kando ya anjera, ile chapati laini ya unga uliochachushwa, asubuhi ya sikukuu nyingine ni nyama ya sikukuu iliyopita, au ya mnyama aliyechinjwa malisho yalipokuwa mazuri. Mwenye kuitoa anakuonyesha kwamba alikuwa na ziada na akaitunza.

Kati ya 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa katika kaunti kame za Kenya. Ng'ombe aliyekonda hatoi nyirinyiri. Hana samli ya kuizamisha, na nyama yake ikikauka hubaki nyuzi. Miaka hiyo mbuzi wa Idd alipatikana hapa na pale, lakini vibakuli vya pembeni vilipungua kimoja kimoja: kwanza samli, kisha nyirinyiri, kisha maziwa ya kutia kwenye chai. Ukitaka kujua ukame umefika wapi, tazama kando ya sinia, si katikati.

Vibakuli hivyo vya kando huishi kwa kutunzwa, kwa hiyo nikisikia watu wakizungumzia vifaa vya jikoni, mashine ya kukata hiki na ya kuponda kile, najikuta nafikiria vyombo vya kutunzia kuliko vya kupikia. Jikoni ya mfugaji anayehama haikuweza kuwa na mengi: sufuria, kikaango cha anjera, kinu na mchi, birika. Ustadi wote uliingia kwenye vyombo vya kuhifadhi. Dhiil ya maziwa husukwa kwa mizizi na nyuzi za miti, ikabana kiasi cha kutovuja, na kabla ya kutiwa maziwa hufukizwa: makaa ya vijiti vilivyochaguliwa hutumbukizwa ndani, kifuniko kikafungwa, chombo kikatikiswa, kisha majivu yakafutwa. Moshi huua vijidudu na kuacha ladha. Mtu aliyezoea maziwa ya ngamia yenye moshi akipewa ya pakiti huuliza yametoka hospitali gani.

Maziwa ya ngamia yana ukaidi wake. Chembe zake za mafuta ni ndogo mno, siagi haitoki kirahisi hata ukitikisa hadi mkono uchoke, ndiyo maana samli ya nyirinyiri hutoka kwa ng'ombe, mbuzi au kondoo. Ya ngamia huachwa yachachuke yawe suusac, au hutiwa kwenye chai. Kibiashara yamehamia kwenye madumu ya plastiki ya manjano. Wataalamu wa usafi huyapinga madumu hayo, wakitaka makopo ya alumini, na kwa upande wa sayansi wana haki. Lakini dumu ni jepesi, ni rahisi, na likipotelea kwenye basi hakuna anayelia. Wanawake wa Anolei kule Isiolo, wanaokusanya maziwa ya ngamia na kuyasafirisha hadi Eastleigh jijini Nairobi, walijenga biashara nzima juu ya safari ya usiku na uaminifu wa makondakta. Na moshi haujaachwa: wapo wanaofukiza hata plastiki, kwa uangalifu, ili mteja wa Nairobi ainuse nyumbani.

Blenda nayo imefika. Katika vijiji vingi vya mpakani hutegemea paneli ya jua au jenereta ya jirani, na hapa sina budi kuitaja Garissa, ambako Desemba 2019 kilizinduliwa kituo cha umeme wa jua cha megawati 50, uwanja mkubwa wa paneli ambao umeme wake huingia gridi ya taifa. Ni fahari ya kaunti, sikatai. Lakini mapishi ya sehemu kubwa ya Kaskazini Mashariki bado ni ya kuni na makaa. Jua letu linasaga juisi Nairobi, na sisi tunapuliza moto.

Anjera, kwa maoni yangu, imefaidika na blenda. Zamani unga wa mtama au mahindi uliolowekwa ulipigwa kwa mkono jioni, mapigo yakisikika nyumba ya tatu, ndipo uachwe uchachuke hadi alfajiri. Sasa mashine huupiga kwa dakika chache na matundu ya anjera hutoka vilevile, mradi joto liwepo, na joto kwetu si haba. Jamaa walioko Minneapolis ndio wanaohangaika: baridi huulaza unga, wakaufungia ndani ya oveni yenye taa tu ili uamke. Kazi ya pili bado haijapata mashine, ile ya kumwaga unga katikati ya kikaango na kuuzungusha kwa kitako cha upawa kuelekea nje, duara ndani ya duara, mkono ukiwa mwepesi. Ukikandamiza, umepata chapati mbovu.

Basbaas, hapana. Blenda huitia hewa, rangi ya kijani ikapauka, na ladha zote zikafika mdomoni kwa wakati mmoja. Kwenye kinu unaanza na chumvi na kitunguu saumu, kisha pilipili, dania mwishoni, ndimu ikikamuliwa baada ya mchi kutolewa. Kila tonge hukutana na kitu tofauti. Nimebishana jambo hili na wasichana wenye haraka, na huwa wananijibu, "Abaayo, dada, wewe pondaponda, sisi tumeshakula." Basi wale.

Mambo matamu ya Idd yana werevu mwingine. Doolsho, keki ya nyumbani, huokwa ndani ya sufuria iliyofunikwa, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, na mwokaji huyahamisha makaa kwa koleo akifuata harufu, maana hawezi kufunua kila dakika. Halua wengi huinunua. Kuikoroga sukari, wanga, samli na iliki bila kupumzika hadi iachie sufuria ni kazi ya mabega, na wafanyabiashara wa Garissa wanayo mabega hayo. Ladha yake ni jamaa wa halua ya Lamu na ya Muscat, watu waliouziana sukari kwa karne nyingi. Na baada ya hapo, katika nyumba nyingi za Wajir, huja buna: tunda zima la kahawa lililokaangwa ndani ya samli hadi lipasuke. Hutafunwa, na mafuta yake yenye harufu wazee hujipaka mikononi na usoni wakiomba dua.

Friji ndiyo niliyotarajia iibadilishe nyirinyiri. Kama nyama inaweza kugandishwa, kwa nini uianike, uikate punje punje, usimame jikoni nusu siku? Imekuwa kinyume. Nyama hupungua sana ikikauka, kwa hiyo kilo ya nyirinyiri huuzwa ghali kuliko kilo ya nyama mbichi, na chakula cha safari ya ngamia kimekuwa zawadi ya watu wenye nafasi. Wanawake wa Garissa na Isiolo huipika kwa oda, hasa Ramadhani na Idd zikikaribia, ikapakiwa kwenye vikopo vyenye lebo na kupanda basi kwenda Eastleigh. Wanaosafiri Marekani huulizia kama itapita forodha. Haipiti, nyama ya Kenya hairuhusiwi, na bado huulizia.

Wateja wakubwa sasa ni watu wenye friji. Wananunua nyama iliyobuniwa isihitaji baridi, kisha wanaiweka kwenye baridi. Samli inaganda jiwe, kijiko hakiingii, na asubuhi ya Idd, wageni wakiwa wameshakaa, mwenye nyumba yuko jikoni anakipasha kikopo moto ndani ya maji huku ayeeyo, bibi yake, akimwita kutoka sebuleni kumuuliza ni nani aliyemwambia aifungie nyirinyiri kwenye sanduku la barafu.